Kanisa Lililoombea Cherehani

Ndugu zangu, mwenye mtoto mgongoni amshushe, mwenye simu aizime, maana nina jambo la kuwaambia na sitalirudia.

Palikuwa na binti mmoja katika kijiji cha milimani, huko ambako mwezi wa sita ukungu hauondoki mpaka saa nne, na watu hulima viazi na pareto. Binti huyu alikuwa mbishi. Swali likimshinda jioni, hulala nalo, na asubuhi huamka akiwa amelishika mkia. Alipomaliza kidato cha sita aliandika maombi katika chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, nchi ya baridi kali, akakubaliwa. Mfuko mmoja wa ufadhili nao ukasema utambeba, nauli hadi vitabu. Alitaka kusomea udongo. Ndiyo, udongo. Msicheke. Viazi vya kwao vilikuwa vikizidi kuwa vidogo kila mwaka, na hakuna mtu pale kijijini aliyejua ni kwa nini.

Sasa niwaulize, mtu akipata habari kama hiyo hufanya nini? Si hutoka nje akapiga kigelegele mpaka ng'ambo ya bonde wasikie?

Mama yake alifunga mlango kwanza. Kisha akafunga dirisha. Ndipo akamkumbatia.

"Umemwambia nani?" akamnong'oneza sikioni.

"Sijamwambia mtu, mama. Barua yenyewe nimeipata leo."

"Asijue mtu. Kuku hupiga kelele akishataga, hapigi kabla. Ukiulizwa, sema masomo yamekushinda, unakwenda Iringa kwa shangazi yako kujifunza ushonaji."

"Lakini hayajanishinda."

"Najua mimi. Inatosha."

Msimhukumu haraka mama huyu. Miaka saba nyuma, mtoto wa kaka yake alipata nafasi ya kwenda kusoma nje. Walichinja mbuzi. Kwaya iliimba, akapewa kuku kumi na mmoja na blanketi la sufu. Kisha viza ikakataliwa. Tangu siku hiyo jina alilobatizwa likafa, akaitwa Ulaya. "Ulaya, njoo ushike huu mfuko." "Ulaya, huko kwenu mvua imenyesha?" Yeye hucheka pamoja nao. Lakini ulizeni kama tangu mwaka ule amewahi kunyoosha mkono kwenye mkutano wa kijiji akasema neno moja. Hajawahi. Mama alikuwa amemwangalia yule kijana miaka saba, na sasa alikuwa na mtoto wake wa kumlinda. Akasema anaogopa jicho la watu. Akasema husuda, akasema wachawi. Binti akakubali, kwa kuwa alimpenda mama yake, na kwa kuwa hata yeye hakutaka kuitwa Ulaya wa pili.

Basi wakaanza kuiandaa safari kama watu wanaoandaa wizi.

Begi la magurudumu walilinunua mnadani, wakalitumbukiza kwenye gunia la viazi ili majirani wasilione. Wakiwa njiani nalo, mama mmoja akawasimamisha.

"Shoga, viazi gani hivyo vyenye pembe?"

"Mbegu mpya," mama akajibu bila kugeuka.

"Mtanigawia na mimi nipande?"

"Zikikubali udongo wetu, tutakugawia."

Pasipoti ilizikwa ndani ya debe la maharage. Binti alipokwenda mjini kuchomwa chanjo ya safari, alirudi mkono umevimba, wakasema amejigonga kwenye mlango wa basi. Na alipokuwa akijizoeza maswali ya ubalozini kwa Kiingereza, alikuwa akijificha katikati ya shamba la pareto, akijiuliza na kujijibu mwenyewe kwa sauti. Jirani mmoja akamsikia, akaenda mbio kwa mama yake machozi yakimlengalenga.

"Mama, mwanao amejazwa Roho! Nimemsikia kwa masikio yangu, ananena kwa lugha!"

"Amina," mama akaitikia. Angesema nini?

Haya, mnacheka. Ngojeni.

Jumapili moja mchungaji wa kanisa lao akamwita mbele. "Binti yetu anakwenda Iringa kwenye ushonaji. Tumwombee." Binti akapiga magoti. Kanisa zima likanyoosha mikono, na wale wamama wa safu ya mbele, mnawajua walivyo, wakaomba mpaka vitambaa vya kichwa vikalegea. "Bwana, linda vidole vyake na sindano! Mpe cherehani isiyokata uzi! Mpe wateja wenye shukrani!" Na binti, macho ameyafumba, uso unamwaka moto. Ndani ya siku hamsini alikuwa na mahojiano ubalozini. Kabla ya hapo, wale wa mfuko wa ufadhili walikuwa wamesema watahakiki habari zake, bila kusema siku wala namna. Usiku usingizi haumjii kwa hofu. Na hakuna mkono hata mmoja mle ndani ulionyooshwa kwa ajili ya hayo. Aliinuka pale akiwa ameombewa sana, na hajaombewa kitu.

Alipotoka nje, akashikwa bega na bibi mmoja fundi cherehani, ambaye kijiji kizima kilimwita Bibi Fundi. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, haoni tena tundu la sindano, lakini mikono bado ilikumbuka kazi.

"Mjukuu wangu," akasema, "usiende kwa watu hujui hata kupiga pindo, watakudharau. Njoo kwangu mchana. Nitakufundisha. Sitaki kitu chako."

Angekataaje? Akaenda. Wiki tatu, kila mchana, badala ya kusoma, alikuwa barazani kwa Bibi Fundi akikanyaga cherehani. Alimtungia uzi kwenye sindano. Bibi alimfundisha pindo, kisha mfuko wa shati, kisha kola. Kola ilimtoa jasho, kwa sababu kola, Bibi alisema, haikubali mtu anayewaza mambo mengine. Na yule bibi akaanza kumpenda. Siku moja akamwambia, taratibu, bila kumtazama, "Nimekuwa nikimwomba Mungu aniletee mtu wa kumwachia hii mashine. Naona amesikia."

Jioni ile binti alimwambia mama yake, "Nataka nimwambie Bibi Fundi ukweli. Yeye peke yake."

"Bibi akijua, gulio limejua."

"Mama, ananipenda bure. Namwibia."

"Utakuwa umekwenda, utamwandikia barua. Vumilia."

Akavumilia. Na hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Siku ya gulio, Jumamosi, akaja mgeni kwa pikipiki, ameshika faili. Alikuwa mtu wa mfuko wa ufadhili. Mwaka uliopita mtu mmoja alikuwa ametumia vyeti vya mwenzake akachukua nafasi isiyokuwa yake, kwa hiyo sasa walikuwa wakija wenyewe vijijini, bila kupiga simu, wakiuliza majirani: mnamjua binti huyu? Ni kweli anakwenda? Watu watatu wasio ndugu zake wakithibitisha, imekwisha.

Akaanza na mwenyekiti wa kijiji ofisini. Mwenyekiti akasikia jina, akacheka. "Ng'ambo? Hapana, ndugu. Huyo masomo yalimshinda. Anakwenda kushona." Akaandika hivyo kwenye karatasi, akagonga mhuri. Mgeni akaenda kwa mama muuza vitumbua pale njia panda. Naye akasema vilevile, tena akaongeza kwamba kanisa limemwombea. Wa tatu akamwendea Bibi Fundi.

Mnaona ubaya wake? Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyemwonea binti husuda. Hakuna aliyemroga. Wote walikuwa wakimsemea mema. Walisema kile walichoambiwa, kwa moyo safi, na kwa moyo huo safi walikuwa wakimfungia mlango.

Binti alikuwa pale barazani, ameinamia kola. Mama yake alikuwa chini ya baraza na viazi vyake vya kuuza. Watu walikuwa wengi.

"Shikamoo, bibi," mgeni akasema.

"Marahaba, baba. Suruali imechanika, au umepotea njia?"

"Bado vyote viwili. Ninaulizia habari za binti mmoja." Akataja jina lake, la baba yake na la babu yake.

"Mwanafunzi wangu huyo! Si huyu hapa?"

"Nimeambiwa anakwenda ng'ambo, chuo kikuu."

Bibi Fundi akacheka mpaka akatoa pini mdomoni asije akazimeza. "Ng'ambo ya mto labda! Anakwenda Iringa, ushonaji. Nimemfundisha mwenyewe. Muulize."

Mgeni akamgeukia binti. Na nyuma ya bega la mgeni, binti akamwona mama yake amesimama katikati ya viazi, anatikisa kichwa, kidole mdomoni. Binti akainamisha macho. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Mgeni akangoja kidogo. Kisha akafunga faili. "Basi. Watu watatu wamesema neno moja, na mwenyewe amenyamaza. Kazi yangu hapa imekwisha. Nafasi itakwenda kwa aliye nyuma yake kwenye orodha." Akashuka ngazi, akavaa kofia yake ya pikipiki.

Mama akapanda barazani haraka, akamshika binti mkono. "Mwache aondoke. Tutakatiza shambani, tumkute kule kwenye miti, pasipo na watu. Tutamweleza faraghani. Njoo!"

Ndugu, simameni hapo kidogo. Wewe ungefanyaje? Njia ya shambani ipo. Inafika. Pengine mgeni angeelewa, nafasi ingepona, na gulio lisingejua kitu. Na upande huu kuna watu mia mbili, na kila mmoja ana mdomo.

Binti akautoa mkono wake. Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Baba, subiri!"

Pikipiki ilikuwa imeshawaka. Akapaza sauti zaidi, sauti ambayo hata yeye hakujua anayo.

"Subiri! Siendi kushona! Ninakwenda ng'ambo kusoma chuo kikuu. Nitasomea udongo. Ndege ni mwezi wa tisa, viza ikitoka. Masomo hayakunishinda. Nimewadanganya wote!"

Gulio likanyamaza. Hata mbuzi walinyamaza, kwa jinsi wanavyosimulia. Mama yake akaketi juu ya gunia la viazi na kujifunika uso kwa khanga.

Kisha sauti moja ikatoka kule kwenye mitumba: "Jamani, Ulaya amepata dada!"

Kicheko kikapasuka. Ndicho kile kicheko ambacho mama yake alikikimbia kwa milango na madirisha na magunia. Kimefika. Binti akakisikia kikimwingia kifuani. Akangoja kiingie chote.

"Chekeni," akasema. "Mkimaliza nitasema tena. Ninakwenda. Nikikosa, mtaniita Ulaya na nitaitika. Lakini ninakwenda."

Mgeni akazima pikipiki, akarudi mpaka kwenye ngazi. "Binti, mimi nimeandika maneno ya watu watatu ambao hawana faida yoyote kunidanganya. Wewe na mama yako faida mnayo. Nani hapa, asiye ndugu yako, anaweza kuthibitisha unachosema?"

Binti akatazama huku na huku. Nani? Ni nani angeweza kuthibitisha jambo alilofichwa? Nyuso zilikuwa tele, za watu waliomfahamu tangu anatambaa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na neno la kumsaidia, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amewanyang'anya neno hilo.

Akakimbia nyumbani. Akarudi na debe zima la maharage kichwani, akalimimina pale juu ya meza ya cherehani, mbele ya watu wote. Maharage yakatapakaa mpaka sakafuni, na katikati yake pasipoti, kadi ya chanjo, na barua ya chuo. Mwenyekiti wa kijiji na mama wa vitumbua walikuwa wameshafika, wamevutwa na kelele.

"Lakini mimi nimeshagonga mhuri," akasema mwenyekiti. "Mhuri wa serikali haugongwi mara mbili kwa jambo moja."

"Umeugonga juu ya uongo, mzee," binti akamjibu, "na uongo huo ni wangu, si wako. Nisamehe. Nipe mwingine."

Bibi Fundi alikuwa akipapasa mezani, akisukuma maharage kando, mpaka akaikuta barua. "Nisomee," akasema. "Kwa sauti. Usiruke neno."

Binti akasoma. Alisoma mstari kwa Kiingereza, akautafsiri kwa Kiswahili, mstari baada ya mstari, mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka tena.

"Wiki tatu," Bibi Fundi akasema. "Wiki tatu umenitungia sindano, na kinywa umekifunga. Mbona mlificha?"

Mama ndiye aliyejibu, kutoka ndani ya khanga. "Tuliogopa macho ya watu, bibi."

"Macho gani? Haya yangu? Macho haya hayaoni tundu la sindano, ndiyo yatashusha ndege?" Watu wakaguna. "Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umezaa, mama, halafu unamficha mtoto aliyezaliwa tayari!" Akamgeukia mgeni. "Baba, leta karatasi yako. Nioneshe pa kuweka jina."

"Bibi," binti akasema, "una hasira na mimi."

"Sana. Na hasira yangu itakaa hapahapa mpaka nitakapochoka nayo mwenyewe. Lakini karatasi haikuuliza kama nina hasira. Imeuliza kama ni kweli."

Akaandika jina lake, kubwa na la kupinda, likatoka nje ya mstari. Mama wa vitumbua naye akafuta mikono kwenye aproni, akaandika. Mwenyekiti akajikuna kichwa, akatuma mhuri uletwe. Mgeni akazichukua zote, za kwanza na za pili. "Nitapeleka zote mbili," akasema, "na nitaeleza nilichokiona." Wiki mbili baadaye jibu likaja kutoka mfuko wa ufadhili: nafasi ni yake. Iliyobaki ni viza.

Mama hakuongea na binti kwa siku nne. Siku ya tano akasema, "Umenivua nguo sokoni."

"Ndiyo, mama. Na nguo zangu pia."

"Na ukinyimwa viza?"

"Nitanyimwa huku wananiona. Afadhali hivyo kuliko nipewe nikiwa nimejificha kama mwizi."

Na sasa sikilizeni kitu ambacho mama hakukitazamia. Jioni moja mlango ukagongwa. Alikuwa yule mtoto wa kaka yake, Ulaya. Hakutaka kuketi. Akasimama akizungusha kofia mikononi.

"Dada," akamwambia binti, "kule ubalozini waliniuliza nikimaliza masomo nitarudi kufanya nini. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu ninataka kufanya nini. Nikababaika. Nadhani ndilo lililoniponza. Wewe jibu lako unalo?"

"Ninalo. Viazi."

"Basi niambie kana kwamba mimi ndiye afisa wa dirishani kule ubalozini. Tufanye mpaka usitetemeke."

Wakafanya siku sita, si kwenye pareto. Barazani, kwa sauti, watoto wakiwa wamewazunguka. Miaka saba maarifa yale yalikuwa yamelala ndani ya kijana yule, nyumba ya tatu kutoka kwao, na hakuna aliyeyajua, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kumcheka tu. Nani angeyapata, kama binti angeendelea kusema anakwenda kushona?

Jumapili ya mwisho kanisa likamwita tena. Safari hii walimwombea kwa jina la jambo lenyewe: viza, ndege, baridi, udongo. Bibi Fundi alikataa kwenda mbele pamoja na wengine, kwa sababu hasira ilikuwa bado. Akaomba kutoka kwenye benchi lake, kwa sauti kubwa kuliko ya wote.

Jumatatu alfajiri binti akatoka kwenda jijini, ubalozini. Akapita katikati ya kijiji, watu wakiwa milangoni. Wengine walimwambia nenda salama. Mmoja akamwambia, "Ukirudi bila hiyo viza, tutakutungia wimbo!" Akamjibu, "Utungeni mzuri!" Akapanda gari, akaenda.

Sasa nawaona. Mnaniuliza kwa macho. Alipata? Viza ilitoka? Mama mmoja kule nyuma amesogea mpaka ukingo wa benchi.

Sitawaambia.

Ndiyo, sitawaambia, kwa sababu swali hilo ndilo ugonjwa wetu. Sisi humpigia makofi mtu tukishajua amefika. Shuhuda zetu humu ndani, zote, hebu zikumbukeni: "Nilikuwa naumwa, sasa nimepona." "Nilikuwa natafuta kazi, sasa nimepata." Lini umemsikia mtu akisimama hapa na kusema, ninaumwa leo, na sijui kama nitapona? Ninaomba kazi Jumatano, na huenda nikaikosa? Tunamficha Mungu safari, kisha tunamletea risiti. Na ndugu yako aliyeketi kushoto kwako anakuombea Iringa huku wewe unakwenda kwingine kabisa.

Tunasema tunaogopa wachawi. Acheni niseme ukweli, hata kama nitakemewa nje: si wachawi tunaowaogopa. Tunaogopa kuchekwa. Tumemfanya mchawi kuwa kisingizio, ili tusilazimike kusema kwamba kinachotutia hofu ni kicheko cha watu wa kanisani kwetu. Na ninyi mnaocheka, mnaomwita mwenzenu Ulaya, hamjaona kwamba ninyi ndio mliofunga lile dirisha la mama? Alilifunga kwa mkono wake, lakini mlimsukuma ninyi. Na mimi nimo, maana kuna watu niliowacheka, na wengine wao wameketi hapa.

Yule binti alishinda pale gulioni. Alishinda kabla ya ubalozi, kabla ya ndege, kabla hajajua lolote. Alishinda alipousema mwendo wake, na kicheko kikaja, kikapita, naye akabaki amesimama. Mungu anaweza kufanya nini na mtu ambaye hasemi anakokwenda? Na sisi kanisa tunaweza kumbeba vipi mtu ambaye mzigo wake ameuweka kwenye gunia la viazi?

Kwa hiyo leo hatutamaliza kwa wimbo. Tutamaliza kwa kusema. Kila mwenye safari aliyoifunika, iwe masomo, iwe kuacha pombe, iwe kumrudia mke wake, asimame aitaje kabla haijafanikiwa.

Naanza mimi. Niliacha shule kidato cha pili. Mwaka huu nitafanya mtihani wa maarifa ili nirudi kwenye masomo. Hesabu bado zinanishinda, na ninaweza kufeli mbele yenu nyote. Sasa mmejua.

Nani anafuata?